Baridi ya Gari la Kihara

Mwaka wa 1955 hapakuwa na dereva mwingine kati ya Ruiru na Thika aliyeendesha gari lenye mashine ya baridi. Nilikuwa mimi tu, Erastus Wamalwa, mtu wa Bungoma, na sitasema uongo, kichwa kilinivimba. Gari lilikuwa la Kimarekani, jeusi, refu, usukani wake upande wa kushoto, na Bwana wangu alilinunua kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Wafanyakazi wa shamba walimwita Bwana huyo Kihara, yaani upara kwa Kikuyu. Upara alikuwa nao, mwekundu, unaotoa jasho hata mwezi wa Julai.

Sasa ilikuwa Februari. Mibuni ilikuwa imesinyaa upande wote wa mto Theta, na Kihara hakuweza kufika klabu ya Wazungu ya Thika bila shati kumganda mgongoni. Ndiyo maana alitaka gari lile. Na ndiyo maana, siku lilipokataa kupoa, alitafuta mtu wa kumtesa.

Mtu huyo alikuwa Kagwe. Alikuwa fundi wa kiwanda cha kahawa hapo shambani, Mkikuyu wa Murang'a, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuiuliza mashine maswali kama daktari anavyomuuliza mgonjwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi lilimpeleka Misri, na huko alifundishwa kutengeneza majokofu ya nyama. Mashine ya gari ilikuwa jokofu vilevile, ila jokofu la kusafiri. Kompresa, pampu ya kusukuma gesi, ilikuwa mbele, ikizungushwa na mkanda wa injini. Sanduku la baridi na feni yake vilikuwa ndani ya buti. Kutoka kwenye buti mabomba mawili ya plastiki, yanayoonekana ndani kama kioo, yalipanda nyuma ya kiti mpaka darini, yakipuliza baridi juu ya vichwa vya watu. Katikati ya mabomba hayo, kwenye kibao kilicho chini ya kioo cha nyuma, palikuwa na wavu wa chuma. Hapo ndipo mashine ilipovuta hewa ya kupoza.

Hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali kwa ajili ya waasi wa Kikuyu, ilikuwa imepamba moto. Kila Mkikuyu aliyefanya kazi kwa Mzungu alitakiwa awe na barua ya mwajiri wake kwamba anahitajika. Asiyekuwa nayo alipandishwa lori, akapelekwa kuchujwa Thika, yaani kuhojiwa kama ni mwasi, na kutoka hapo Mungu ndiye aliyejua. Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa kupeleka barua za shamba letu. Kihara alikuwa ameshaandika zote isipokuwa ya Kagwe. Aliiweka mezani, mimi niliiona, kila kitu kimepigwa taipu, pengo ni la sahihi tu.

Jumatatu asubuhi alimwita mbele ya gereji, sisi sote tukisikia.

"Kagwe. Wewe tengeneza baridi ya gari. Ijumaa gari iko baridi, mimi natia sahihi. Ijumaa gari iko moto, wewe napanda lori. Sikia?"

"Nasikia, Bwana," Kagwe akajibu, akafungua boneti.

Hakuchukua muda. Alibonyeza mkanda wa kompresa kwa kidole gumba, ukashuka chini kama kamba ya kuanikia nguo. Akaniangalia, kisha akamwangalia Kihara, na kwa sauti ileile ya upole akasema, "Mkanda umelegea, Bwana. Hii ni ya kukaza kila wiki. Nafikiri dereva hajakaza."

Ni kweli sikuwa nimekaza. Kihara alinizaba kofi mbele ya wachuma kahawa waliokuwa wakipita na vikapu, wanawake kwa watoto, na kofia yangu ya dereva ikaangukia mavumbini. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nina binti aliyekuwa tayari anajua kusoma.

Baadaye Kagwe alinifuata penye bomba la maji. Alizoea kuniita kwa jina la binti yangu, kwa heshima. "Baba Nakhumicha, nisamehe. Kama singesema, angesema mimi ndio nimeharibu."

"Hakuna neno," nikamwambia. Lilikuwepo. Ukweli ukiletwa mbele ya watu unauma kuliko matusi, na mimi ni mtu wa kuweka vitu moyoni.

Jumanne tulikwenda Thika kujaribu: Kihara kando yangu, na mbwa nyuma. Kagwe aliachwa. Tangu mauaji ya Wazungu yaanze Kihara alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa mtu yeyote, kwamba Mkikuyu hakai nyuma ya shingo yake, na kando yake vilevile hakai. Basi fundi aliyetengeneza gari hakuruhusiwa kupanda kuona kama limetengenezeka. Alilijaribu likiwa limesimama uani, milango imefungwa, kipima joto alichoazima kwenye mashine ya kukaushia kahawa kimening'inia darini, yeye ameegemea kioo kwa nje akisoma. Pale uani kilisoma hamsini za Farenhaiti. Baridi safi.

Njiani ilikuwa hadithi nyingine. Maili mbili za kwanza tulipoa vizuri, Kihara akawa anapiga mluzi. Tulipokaribia Juja mluzi ulikwisha. Tulipoingia Thika alikuwa amelowa mpaka soksi, na matusi aliyonimiminia mimi, Kagwe, na mama zetu wote wawili, siyarudii.

"Acha injini nawaka," aliniamuru tulipofika klabu. "Peggy hapana kaa kwa joto."

Peggy alikuwa mbwa wa Memsahib, mke wa Kihara, kijibwa kidogo cheupe, kizee, ambacho mahali pake pa kulala garini palikuwa juu ya kibao cha nyuma, chini ya kioo, ili kione njia. Memsahib alimtandikia hapo blanketi lake la sufu. Blanketi hilo lilikuwa na sheria yake pia: mkono wenye grisi usiliguse. Kila gari lilipoingia mikononi mwa fundi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtoa Peggy, kulikunja blanketi, na kulipeleka jikoni kwa mpishi. Gari lilipokuwa tayari kwa safari, nililirudisha, nikalitandaza, nikamweka mbwa juu.

Pale klabuni nilimshusha akojoe, nikataka kulikung'uta blanketi manyoya. Lilikataa kuinuka. Injini ilikuwa inanguruma, feni ndani ya buti inavuta, na blanketi limenyonywa likagandamana na ule wavu wa chuma. Nilipolibandua kwa nguvu nilisikia hewa ikiingia kwa mkoromo. Nikakaa kitini kungoja. Haikupita robo saa, baridi ilianza kushuka kutoka darini mpaka nikafunga kifungo cha shingo.

Nilielewa yote papo hapo, mimi ambaye sijafika Misri. Mashine ilizibwa pua. Ikikosa hewa, sanduku lake linaganda barafu, na barafu ikijaa, hakuna kinachopita. Uani blanketi halikuwepo, kwa hiyo uani ilipoa. Fundi hakuwahi kuliona blanketi lile mahali pake hata siku moja.

Sasa hapa ndipo watu huniuliza, na hapa ndipo ninapojiuliza. Ningeweza kusema jioni ileile. Lakini aliyetandika blanketi alikuwa nani? Mimi. Shavu lilikuwa bado linaniwasha kutoka Jumatatu, na Kihara si mtu wa kupiga kofi moja kwa makosa mawili. La pili lingekuwa kufukuzwa. Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwamba kuna kitu najua ambacho yule mwenye kuuliza mashine maswali hakijui. Nikalirudisha blanketi palepale, nikalinyoosha vizuri, nikampandisha Peggy.

Jumatano alfajiri Kagwe alinikuta nikiosha magurudumu. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba Nakhumicha, nisaidie kwa jambo moja. Mimi sijapanda, wewe umepanda. Mkiwa huko njiani, joto ikianza, upepo ya darini inakuwaje? Inatoka kwa nguvu, ila ni moto? Ama inapungua, inapungua, mpaka inakwisha?"

Lilikuwa swali la fundi kweli. Kama lingejibiwa sawa angemaliza kazi kabla ya chai. Upepo ukipungua, kitu kimeziba njia ya hewa, na mtu wa akili yake angetafuta njia ya hewa inaanzia wapi, akafika kwenye wavu, akauliza kuna nini juu ya wavu. Nilijua yote hayo. Nilichovya kitambaa ndani ya ndoo, nikakikamua.

"Inatoka kwa nguvu," nikasema. "Ila ni ya moto."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu kabisa."

Akaitikia polepole. "Basi ni gesi. Kuna maji ndani ya gesi. Maji kidogo tu, inaganda kwa valvu, gesi inakatika. Ukisimama inayeyuka." Alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. Akanishika bega, akanishukuru.

Siku hiyo nzima aliitumia kufuata uongo wangu. Alimwomba Kihara mtungi wa gesi kutoka kiwanda cha barafu cha Thika, nami ndiye niliyetumwa kuuleta. Alifungua mashine yote. Alitoa gesi ya zamani, akapasha mabomba moto kwa taa ya kuchomelea ili yakauke ndani, inchi kwa inchi, na wakati wa kujaza gesi mpya kiungo kimoja kikamfyatukia mkononi. Gesi ile ikitoka ni baridi ya kuchoma. Vidole vitatu vya mkono wa kulia viligeuka vyeupe, vigumu, kama nyama iliyotolewa kwenye jokofu. Alivifunga kitambaa akaendelea na mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya debe nikimwangalia. Nilimletea maji ya kunywa, eti wema.

Jioni alijaribu uani. Kipima joto kilisoma arobaini na nane. Alicheka peke yake kama mtoto.

Alhamisi asubuhi nilitandika blanketi, tukaondoka, na kabla hatujafika Juja likawa tanuri. Kihara aliniamuru nigeuze. Tulipoingia uani Kagwe alikuwa amesimama pale gereji, mkono umefungwa, ameshasoma habari kwenye uso wa Bwana kabla mlango haujafunguliwa.

"Bwana," akasema, "niache nipande. Maili moja tu. Nikiona kwa macho yangu nitajua."

"Mkikuyu hapana kaa nyuma ya shingo yangu."

"Nitakaa mbele, Bwana aendeshe mwenyewe…"

"Hapana kaa kando yangu."

Kagwe akautazama mfuniko wa buti. Kisha akasema, "Basi nifungie kwa buti. Pamoja na mashine."

Kihara alimtazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Akamwita Memsahib atoke nje aje asikie. Halafu akanirushia funguo. "Haya. Weka yeye buti. Twende Thika."

Nilimfungia mimi mwenyewe. Alijikunja kandokando ya lile sanduku la baridi, magoti kwenye kidevu, tochi mdomoni. Kabla sijashusha mfuniko alinikonyeza, kuniambia nisiwe na hofu juu yake. Bado ningeweza kuliondoa blanketi. Nilifungua mlango wa nyuma, Peggy akanilamba mkono, nikaufunga, nikaingia kwenye usukani.

Safari ile kwa kawaida ni nusu saa. Kihara aliniambia niende taratibu, jua lipate kuingia. Chuma cheusi, Februari, saa tano. Sikusikia hata kishindo kutoka nyuma, na ukimya huo ulinitia jasho kuliko joto. Pale klabuni Bwana aliingia ndani kwa kinywaji chake bila kugeuka. Nilipofungua buti Kagwe hakuweza kujinyoosha. Nilimvuta kwa makwapa nikamlaza kwenye majani. Midomo ilikuwa imepasuka, shati unaweza kulikamua, lakini mkono mmoja, ule uliolala kwenye sanduku, ulikuwa baridi. Alipoweza kusema hakuomba maji.

"Imeganda," akasema. "Sanduku lote. Nimeona kwa tochi. Barafu imejaa nyeupe mpaka nje. Wamalwa, gesi ni mzima. Gesi iko sawa kabisa." Alifumba macho akifikiri. "Barafu kama hiyo ni ya kukosa hewa. Lakini wewe ulisema upepo ni ya nguvu."

Hakukuwa na mtu karibu. Mlinzi wa lango alikuwa mbali akipiga soga na watunza bustani. Ulimi hauna mfupa, ungegeuka kirahisi tu. Lakini uongo wa jana ulikuwa umeshamla mtu vidole vitatu, umemfungia kwenye buti. Ningeurudisha kwa uso gani? Niliogopa macho yake kuliko nilivyoogopa kofi la Kihara.

"Wa nguvu," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Basi sijui," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Alasiri hiyo mkewe alikuja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, tulikokaa sisi watu wa magharibi. Ngendo alikuwa mwanamke mrefu, asiyezoea kuomba. Alileta viazi vitamu ndani ya kiondo, akaviweka mlangoni pangu, akakataa kiti.

"Baba Nakhumicha, sijakuja kukusumbua. Baba Mumbi amelala, mkono inamuuma, na bado anachora mashine kwa mavumbi na kidole. Nimemwambia aache. Amesema wewe ndiwe macho yake huko njiani, na kama kuna kitu utaona utamwambia. Nimekuja tu kukuambia asante."

Alienda zake. Sikuweza kuvila vile viazi. Viliozea pale mlangoni.

Usiku sikulala, na kulipokucha Ijumaa nilikwenda moja kwa moja nyumba kubwa, nikavua kofia, nikasimama kibarazani mpaka Kihara akatoka na kikombe chake. Nilimwambia yote. Nilisema kosa ni langu, ni blanketi la Peggy, linaziba wavu, Kagwe hana hatia, mashine ameitengeneza vizuri tangu Jumatatu. Nilikuwa tayari kwa kofi, tayari kwa kufukuzwa, tayari kurudi Bungoma na sanduku langu la bati.

Kihara alikunywa chai.

"Mimi najua," akasema.

Nilifikiri hakunielewa.

"Jana jioni mimi na Memsahib nakwenda Thika. Mimi naendesha. Peggy nabaki nyumbani, blanketi nabaki. Gari baridi sana. Memsahib naomba koti." Alitabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Mimi hapana mjinga. Blanketi nakwisha."

"Basi, Bwana, ile barua…"

"Barua gani?"

"Ya Kagwe, Bwana. Bwana alisema gari likipoa atatia sahihi."

"Barua nasema mimi nahitaji fundi ya baridi." Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Gari nakwisha pona. Fundi ya nini? Mimi naandika uongo kwa serikali?"

"Kiwanda cha kahawa, Bwana…"

"Kiwanda iko Tobias. Wewe lete gari. Mimi nakwenda Thika na barua ya wengine."

Tobias alikuwa msaidizi wa Kagwe, Mjaluo, kijana wa juzi, hajui hata jina la spana. Nilisimama pale nikimwangalia yule mtu akimalizia chai yake, nikaelewa kwamba kama ningesema Jumanne, kabla hajajua, kama Kagwe angelitoa blanketi lile kwa mkono wake mwenyewe mbele yake, labda kalamu ingeshuka kwenye karatasi. Labda. Sasa nilikuwa nimeleta ukweli wangu uliokwisha ng'oka meno. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyepiga teke mtungi.

Nilileta gari. Askari walikuwa wameshapita laini tangu mapambazuko.

Kizuizi cha barabara kilikuwa pale Ruiru, kabla ya kushika njia ya Thika: mapipa mawili, mti umelazwa katikati, malori mawili, na foleni ya watu waliochuchumaa ukingoni mwa njia, mikono kichwani. Tulisimamishwa kungoja lori moja ligeuze. Baridi ndani ya gari ilikuwa ya kuumiza masikio. Dereva wa usukani wa kulia angekuwa upande wa katikati ya barabara, lakini usukani wangu ulikuwa kushoto, na kioo changu kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye ile foleni.

Kagwe alikuwa wa nne. Alipoliona gari aliinuka nusu, kama mtu anayemwona mgonjwa wake barabarani. Alisogea, akaweka mkono wake mzima juu ya kioo changu, kiganja wazi. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anapima. Niliona uso wake ukibadilika, maana kioo kilikuwa baridi, na kwa nje kilikuwa kimeanza ukungu. Akaniangalia. Mdomo wake ulitamka neno moja, bila sauti ya kunifikia.

"Baridi?"

Niliupeleka mkono kwenye kishikio cha kioo.

"Hapana fungua," Kihara akasema, macho kwenye makaratasi yake. "Baridi natoka."

Mkono wangu ulibaki palepale. Kagwe alikuwa bado anangoja jibu. Nilitaka angalau apate hilo, ajue kwamba kazi yake ilikuwa njema, kwamba hakushindwa. Huo ndio wema pekee niliobakiwa nao. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Baridi.

Alicheka. Meno yote yalionekana. Kabla sijafahamu nimefanya nini, alikuwa amegeuka, amesimama wima, mikono imeshuka kutoka kichwani, anatembea kuelekea kwa yule ofisa kijana Mzungu aliyeshika orodha. Alikuwa akiongea haraka na kuonyesha gari letu. Sikusikia kitu kwa sababu vioo vilifungwa, lakini sikuhitaji kusikia. Gari limepona. Bwana aliahidi. Barua yangu iko naye hapo ndani, Bwana, muulize.

Ofisa alikuja. Aliinama kwenye kioo cha Kihara, akamwonyesha Kagwe kwa kidole, akainua nyusi kuuliza. Kihara hakufungua kioo. Alimtazama ofisa, kisha akatikisa kichwa, mara moja tu, kama mtu anayekataa sukari ya pili.

Askari wa karibu alimpiga Kagwe kwa kitako cha bunduki nyuma ya sikio. Alianguka akiwa bado amenyoosha mkono kuelekea garini. Walipomwinua damu ilikuwa imeshuka shingoni, na alikuwa anatutazama, ananitazama mimi, si kwa hasira. Alionekana mtu anayetafuta hesabu ilipokosewa. Wawili walimrusha juu ya lori. Mti ukainuliwa, na Kihara akagonga dashibodi kwa kidole, niende.

Nilimwendesha mpaka Thika meno yakinigongana.

Lori lile lilikwenda wapi baada ya Thika, hakuna aliyetuambia. Wengine walisema kambi ya kizuizi ya Manyani, wengine walisema ile ya kisiwani. Mimi kofi sikupigwa, kazi sikufukuzwa. Mwezi huo Memsahib alinunua kikapu cha Peggy cha kuweka chini ya kiti.

Juma lililofuata walikuja kuwachukua wake na watoto, warudishwe Murang'a. Nilipita na gari penye laini zao wakati Ngendo akifunga mzigo, Mumbi mgongoni. Aliniona, akaja mpaka njiani. Nilizima injini, nikashuka. Hakulia, alikuwa amekwisha kulia.

"Baba Nakhumicha, nikuulize neno moja tu, nipate kuenda na hilo. Ile gari. Ilipata baridi?"

Ningesema ilipata, angeuliza sasa kwa nini walimchukua, na kutoka hapo kamba yote ingejifungua mpaka mkononi mwangu. Alikuwa anaondoka. Hangenirudia tena maisha yake yote. Hata hivyo niliogopa.

"Haikupata," nikasema.

Alisimama akitazama lile gari jeusi kwa muda. Niliona kitu kikimtoka usoni, kile ambacho alikuwa amekishikilia wiki nzima: ile imani ya mke kwamba mume wake ni fundi.

"Basi alishindwa," akasema. "Na alikuwa ameniambia anajua." Akampandisha Mumbi vizuri mgongoni, akarudi kufunga mzigo wake.